Fizikali ya michezo Marekani: nani anaruhusiwa kusaini fomu ya mtoto, na ufanyeje isirudishwe

Kila mwaka ikikaribia Agosti napigiwa simu zilezile, mtoto anataka kuingia timu ya shule, kocha kampa fomu ya fizikali, yaani ule uchunguzi wa afya kabla ya kuruhusiwa kucheza, mzazi anauliza naipeleka wapi hii. Mwaka huu naandika kabisa ili nikipigiwa niwe natuma tu.

Nianze na mdogo wangu wa kike manake yeye ndo alinifundisha. Alikuwa anaishi Louisville, Kentucky, wakahamia Indianapolis mwezi wa sita, ni mwendo wa masaa mawili tu kwa gari. Kijana wake anacheza soka. Fomu alikuwa nayo mkononi, imejazwa mwezi wa tano, ina saini, ina mhuri, ina kila kitu, akajua kamaliza. Kocha akaipokea vizuri tu. Wiki inaisha anapigiwa simu na ofisi ya michezo, fomu haifai, kwanza ni ya Kentucky, pili aliyesaini ni kairopraktaa, yule wa kunyoosha mgongo. Mdogo wangu akawaka, si ni daktari huyu, si kasajiliwa, mbona kule ilipita? Na kweli kule ilipita, manake sheria ya Kentucky inamtaja kairopraktaa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Indiana haimtaji. Mto Ohio ukishauvuka tu, saini yake kwenye ile fomu haina kazi. Kijana alikaa benchi siku nane akiangalia wenzake wanafanya mazoezi, na akalipiwa fizikali mara mbili.

Sa hapo ndo pa kuelewa: Marekani hamna sheria moja ya nchi nzima kuhusu fizikali ya michezo ya haiskuli. Kila jimbo lina lake. Kwingine imeandikwa kwenye sheria ya jimbo, kwingine ni chama cha michezo ya shule ndo kinapanga, Texas kuna UIL, Florida FHSAA, Indiana IHSAA, Michigan MHSAA, California CIF, na kadhalika. Kwa hiyo ukimuuliza binamu yako wa Phoenix wakati we uko Boston atakujibu vizuri kabisa na atakupoteza vizuri kabisa.

Angalia herufi, usiangalie koti jeupe

Hospitali za huku kila mtu kavaa nguo za kazi na kila mtu ana kipimo shingoni, kwa macho huwezi kujua nani ni nani. Angalia herufi baada ya jina kwenye beji yake. Herufi nne ndo zinapita karibu kila mahali: MD, DO, NP na PA.

MD huyo ni daktari tunayemjua wote. DO naye ni daktari kamili, wazazi wengi wanaogopa wakiona DO wanadhani ni daktari nusu, hapana, kasoma chuo cha udaktari cha mkondo wa osteopathi, anaandika dawa, anapasua, anafanya kila kitu. NP ni nesi aliyesoma zaidi mpaka kupewa leseni ya kupima na kutibu mwenyewe, na huyu herufi zake zinabadilika jimbo kwa jimbo, utakuta APRN, ARNP, APN, Pennsylvania wanaandika CRNP, usichanganyikiwe ni watu wa aina moja. PA ukitafsiri neno kwa neno unapata msaidizi wa daktari lakini usimdharau kwa hilo jina, ana digrii yake na leseni yake, anakupima mwanzo mpaka mwisho, na huko kwetu wa kumfananisha naye ni klinikal ofisa.

Ambao hawasaini, hata kama wamekupokea vizuri na ndo wamempima mtoto presha na uzito: RN yaani nesi wa kawaida, LPN yaani nesi wa ngazi ya chini yake, na MA yaani msaidizi wa kliniki. Nesi wa shule naye kama ni RN kazi yake ni kuipokea fomu na kuikagua. Trena wa timu, yule anayefunga vifundo bandeji na kubeba barafu, pia hapana. Mtu wa mazoezi ya viungo hapana. Daktari wa meno naye ni daktari, ila sio wa hii kazi. Nimeshaona fomu imejazwa yote vizuri halafu pale chini imesainiwa na MA kwa sababu daktari alikuwa katoka, ikarudi.

Halafu kuna kundi la katikati, na hapa ndo watu wanaumia. Kairopraktaa, herufi DC. Texas wanamkubali, fomu ya UIL yenyewe inasema daktari, PA, nesi wa ngazi ya juu au kairopraktaa, na wengine wowote hawapokelewi. Florida wanamkubali. Kentucky, Iowa na Kansas pia. Arizona wanamkubali kwa sharti, awe na cheti cha ziada cha michezo kinachoitwa CCSP. Lakini Indiana, Michigan, Massachusetts, North Carolina, New Jersey, hayumo. Wa tiba asilia mwenye leseni, herufi ND au NMD, Arizona, Oregon na Washington yumo, ukienda majimbo mengi mengine hayumo kabisa.

New Jersey wana la kwao zaidi. Pale haitoshi kuwa na herufi sahihi, toka sheria ya 2013 anayempima mwanafunzi lazima awe amemaliza somo fupi la kugundua matatizo ya moyo kwa wanamichezo na anathibitisha hapohapo kwenye fomu kwamba kalimaliza. Kwa hiyo unaweza kwenda kwa MD mwenye miaka thelathini kazini na bado fomu ikakwama. Waulize kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Na New York, hata daktari wako akisaini vizuri, mwenye neno la mwisho ni mkuu wa afya wa upande wa shule, huyo ndo anasema mtoto aingie uwanjani au asiingie.

Mengine mawili naulizwa sana. La kwanza, shemeji yangu ni daktari, si asaini tu hapa mezani? Ana leseni sawa, lakini maadili ya chama cha madaktari cha Marekani, AMA, yanawaambia kwa ujumla wasitibu watu wa familia yao, na ukweli shemeji atakuwa na aibu ya kumuuliza mtoto maswali ya ndani, na mtoto atakuwa na aibu zaidi ya kujibu. Mwache shemeji ale pilau. La pili, tulikuwa likizo nyumbani, daktari wa kule kampima kila kitu mpaka damu. Vipimo hivyo ni vizuri beba uje navyo vitasaidia, ila saini inayotafutwa ni ya mwenye leseni ya huku, tena salama zaidi iwe ya jimbo lako. Panga upya.

Ukiwa na wasiwasi na leseni ya mtu, kila jimbo lina bodi ya leseni na tovuti ya kutafuta jina bure. Dakika mbili.

Tarehe nazo zina fitina

Hapa napita haraka ila usipuuze, manake saini sahihi yenye tarehe mbovu ni kazi bure. Michigan fizikali ya mwaka wa shule unaokuja lazima iwe ya kuanzia Aprili 15. Indiana ni kuanzia Aprili 1, Arizona Machi 1, Kansas Mei 1. Ukiwahi sana kwa bidii zako ukaenda Februari, umekosa. Florida inadumu siku 365. New Jersey iwe ndani ya siku 365 kabla ya mazoezi rasmi ya kwanza na ikipita siku 90 unajaza karatasi nyingine ya mabadiliko ya afya. Illinois na North Carolina ni siku 395, Massachusetts miezi 13. Oregon ni kila miaka miwili. Minnesota miaka mitatu, ila maswali ya afya mnajaza kila mwaka. Texas kwa kiwango cha UIL ni kabla ya kuanza junia hai, kisha mwaka wa kwanza na wa tatu wa haiskuli, lakini wilaya nyingi za shule zimeongeza zinataka kila mwaka, na wilaya ina haki ya kuwa kali kuliko chama.

Hizi sheria zinabadilishwa, kwa hiyo pakua fomu ya mwaka huuhuu kutoka tovuti ya shule au chama, usitumie uliyoikuta kwenye droo ya kaka yake.

Unaipeleka wapi

Chaguo la kwanza ni daktari wa mtoto wa siku zote, ndo wanavyoshauri hata madaktari wa watoto wenyewe, sababu ana faili lake toka zamani. Na kuna faida ya mfukoni hapa ambayo watu hawaijui: bima nyingi zinalipa ule uchunguzi wa afya wa kila mwaka, ila fizikali ya michezo peke yake hazilipi au zinalipa kwa kinyongo. Sa we unapopiga simu usiseme nataka fizikali ya michezo. Sema nataka uchunguzi wa mwaka, na nitakuja na fomu ya michezo ijazwe siku hiyohiyo. Chanjo humohumo. Miadi moja, fomu imejazwa.

Shida ni kwamba Julai madaktari wa watoto wamejaa. Wataalamu wanasema fizikali ifanyike angalau wiki sita kabla ya msimu, na hizo wiki sita hawakuzitoa hewani, ni kwamba ikionekana kitu cha kufuatilia kuwe na muda wa kumwona bingwa bila mtoto kukosa msimu. Kwetu sie watu wa dakika za mwisho hii ndo ngumu kuliko zote.

Ukikosa nafasi kuna zile kliniki ndogo ndani ya maduka ya dawa, kama MinuteClinic ya CVS, unakuta NP au PA, herufi zinapita. Kuna kliniki za haraka za mitaani, hizo uliza nani yuko zamu siku hiyo. Kuna vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato, kama hamna bima anzia hapo. Na kuna ile siku ya fizikali ya shule, watoto mia kwenye gym wanapita meza kwa meza, bei chee au bure kabisa. Siikatazi, lakini mimi binafsi siipendi, kelele nyingi, daktari anasikilizaje moyo pale wakati mpira unadunda pembeni, na mtoto gani ataongea habari za kuzimia mbele ya wenzake waliopanga foleni?

Na jambo la lugha. Kliniki au hospitali yoyote inayopokea hela za serikali kuu inatakiwa ikupe mkalimani bure, Kiswahili kipo, mara nyingi kwa simu. Omba wakati unapanga miadi. Usimtumie mtoto kutafsiri, na sheria yenyewe haitaki mtoto atumike hivyo isipokuwa dharura, maana hapo anayepimwa ndo anayechagua cha kumwambia daktari. Nilikuwa naye mama mmoja, daktari kauliza je ulishawahi kuishiwa nguvu ukikimbia, kijana akamgeukia mama akasema eti anauliza kama napenda kukimbia. Mama akatabasamu akaitikia ndio sana.

Ukurasa wa maswali ndo fizikali yenyewe

Watu wanadhani fizikali ni ile kusikilizwa kifua na kupigwa kinyundo gotini. Sehemu kubwa ya matatizo yanagundulika kwenye maswali, na maswali unajaza we mzazi na mtoto, nyumbani, kabla hujamwona mtu mwenye herufi yoyote. Sa sisi tunafanyaje? Tunapiga hapana, hapana, hapana mpaka chini, kwenye gari, dakika tano kabla ya miadi.

Soma hili swali vizuri: kuna ndugu yeyote aliyekufa kwa moyo au aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana kabla ya miaka 35, pamoja na kuzama majini au ajali ya gari isiyoeleweka? Kwa nini wanauliza kuzama? Kwa sababu kuna magonjwa ya moyo ya kurithi ambayo mapigo yanavurugika ghafla, mtu anapoteza fahamu akiwa anaogelea au anaendesha, tunasema kazama, tunasema ajali. Sasa kwenye ukoo wetu je? Baba mdogo alianguka uwanjani akiwa kijana, ikasemwa karogwa. Shangazi alilala hakuamka, ikasemwa ni presha, au mipango ya Mungu, yakaisha. Hayo hatuyaiti ugonjwa wa moyo kwa hiyo kwenye fomu tunaandika hapana. Mimi nakuambia kabla hujajaza piga simu nyumbani, ongea na bibi au yeyote mwenye kumbukumbu ya ukoo, muulize nani alikufa ghafla akiwa kijana na alikuwa anafanya nini. Usimbishie habari za uchawi, sikiliza tu umri na namna alivyoanguka, hayo ndo ya kuandika.

Swali lingine la kwetu kabisa ni sikoseli. Fomu inauliza kama mtoto au mtu wa familia ana ugonjwa au anabeba vinasaba vyake. Majimbo yote ya Marekani yamekuwa yakipima watoto wachanga toka 2006, kwa hiyo aliyezaliwa huku majibu yake yapo mahali. Aliyezaliwa Goma, Kigoma au kambini inawezekana hajawahi kupimwa maisha yake yote. Mwenye kubeba tu kwa kawaida haumwi na hakatazwi kucheza, ila mazoezi makali mno kwenye joto yanaweza kumwangusha vibaya. Mwaka 2006 mchezaji wa chuo kikuu cha Rice kule Texas, Dale Lloyd II, alifariki baada ya mazoezi na ikajulikana alikuwa anabeba bila kujijua, kuanzia 2010 NCAA, chama cha michezo ya vyuo, wakataka wachezaji wa daraja la kwanza wajulikane hali yao. Haiskuli haijafika huko, lakini kipimo ni cha damu kidogo tu, muombe daktari, na kocha akijua atampa mtoto mapumziko na maji kwa mpango.

Mengine usiyaruke: kuzimia wakati wa mazoezi au baada ya mazoezi, kifua kubana wakati wa mazoezi, pumu, kifafa, kugongwa kichwa, kiungo kimoja kukosekana kama figo, na dawa zozote anazokunywa zikiwemo za kienyeji. Ukijibu ndio sio kwamba mtoto kakataliwa. Andika maelezo pembeni, manake ndio isiyo na maelezo nayo inarudishwa.

Ndani ya chumba watapima presha, macho, mapigo, watasikiliza moyo akiwa amesimama na akiwa amelala, watamwambia achuchumae ainuke. Wavulana wanaweza kuangaliwa ngiri, mwambie mapema asishtuke, na ana haki ya kuomba mtu wa pili awepo. Daktari anaweza kukuomba mzazi utoke kidogo. Toka. Atamuuliza habari za msongo, sigara, na mengine ambayo mbele yako hayasemeki. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, sio lazima majimbo mengi, Texas toka 2019 sheria inampa mzazi haki ya kuiomba, ila gharama mara nyingi ni yako.

Majibu hayako mawili tu. Anaweza kuruhusiwa yote, kuruhusiwa huku akifuatiliwa jambo fulani, kuruhusiwa baadhi ya michezo, au kusimamishwa mpaka aonwe na bingwa. Ile ya mwisho ikitokea usihame kliniki kutafuta mwenye huruma. Nimeona wazazi wanafanya hivyo na kwenye fomu ya pili ndio zote zinageuka hapana.

Na ujue saini ya fizikali sio saini ya kurudi uwanjani. Mtoto akipata mtikisiko wa ubongo katikati ya msimu orodha inabadilika. Washington, jimbo lililoanzisha sheria hizo 2009, trena wa timu mwenye leseni anaweza kumruhusu arudi baada ya mtikisiko wakati fizikali haruhusiwi kuisaini. Uliza upya kila mara.

Kabla hujaikabidhi: saini ya mzazi ipo, ya mtoto ipo, tarehe ya kupimwa ipo (wengi wanaandika ya kusaini tu), jina la aliyepima linasomeka pamoja na herufi zake, mhuri au namba ya simu ya kliniki ipo. Uliza pia shule inataka kurasa zipi, kama New Jersey ukurasa wa maswali unabaki kwa daktari, shuleni inakwenda ile ya ruhusa tu, hamna haja kocha ajue dawa za mwanao. Piga picha kila ukurasa kabla ya kuiachia.

Mdogo wangu mwishowe alipata NP kituo cha afya cha jamii, fomu ya Indiana safari hii. Usiku kabla ya miadi alimpigia mama kijijini akauliza habari za mjomba wetu aliyezama. Yule NP akasoma, akauliza maswali mengine matatu, akaandika ruhusa pamoja na rufaa ya kwenda kwa bingwa wa moyo. Bingwa kamwona, moyo mzima. Jumatano ile kijana alikuwa winga ya kushoto.